Kupunguza maingilio ya magari kwenye barabara kuu: shajara ya kamati yetu, Ngamiani, Tanga

Shajara hii ni ya kamati ya wafanyabiashara na wakazi wa kipande kimoja cha barabara kuu inayokata zile barabara za namba za Ngamiani. Naiandika nikiwa katibu. Mtaa mwingine wenye shida kama yetu, uwe Makorora, Bagamoyo au Lindi, uchukue kilichofaa na uache kilichokula pesa zetu bure. Bei ni za Tanga wakati kazi inafanyika. Saruji kwetu inatoka karibu, kwa hiyo walioko mbali waongeze.

23 Juni 2024: Barabara si nyembamba

Kila mtu hapa anasema barabara ni nyembamba. Wagombea nao wanaahidi kuipanua. Tumepima kwa utepe: malori mawili yanapishana bila kugusana vioo, na mabega ya barabara yapo pande zote. Kinachoikaba ni milango. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ana mageti mawili, moja la mzigo na moja la wateja, na yametengana kwa upana wa kibanda cha chipsi. Mwenye nyumba ya wageni amefukia mtaro mbele yake kwa urefu wote, kwa hiyo hana geti, ana uwanja. Gari linaingia popote linapojisikia. Kituo cha mafuta kipo kwenye kona na kina midomo miwili mipana, mmoja kila upande, na bodaboda wanakatiza katikati ya pampu ili kukwepa makutano.

Kutoka kipilefti hadi msikitini ni mita 380 hivi. Upande mmoja tu tumehesabu sehemu 23 ambako gari linaweza kuingia au kutoka, ukiacha barabara za namba zenyewe. Yaani kila baada ya mita 16 au 17 dereva ategemee mtu kukata kona.

Hesabu ya wahandisi wa barabara ndiyo iliyotufungua macho. Makutano ya njia tatu yana sehemu 9 ambako njia za magari zinaachana, zinaungana au zinakatana. Njia panda ya nne ina 32. Na geti la kawaida, ambalo gari linaingia na kutoka kwa kushoto na kwa kulia, ni makutano kamili ya njia tatu: sehemu 9 kwa kila geti. Mageti mawili ya jirani yakiwa moja, 18 zinakuwa 9. Geti la kuingia kwa kushoto na kutoka kwa kushoto tu lina 2. Hakuna upanuzi wa barabara unaoweza kukupa nafuu kama hiyo kwa bei ya mifuko michache ya saruji.

Halafu kuna baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na muuza mikate anayekwenda duka la tatu mbele hatavuka barabara mara mbili ili awe upande sahihi. Atapita begani akielekeana na magari. Dereva anayetoka getini kukata kushoto anatazama kulia tu, maana ndiko magari yanakotoka. Baiskeli inamjia kushoto. Kwa mwendo wa kawaida wa baiskeli, kilomita 15 kwa saa, ile sekunde tatu dereva anayotazama kulia inatosha baiskeli kusogea mita 12. Ajali nyingi ndogo tunazozikumbuka hapa zina sura hiyo: mikate chini, tairi la mbele limepinda, na watu wawili wanaulizana "hukuniona?"

7 Julai 2024: Ramani na ugomvi wa kwanza

Tumechora kila geti kwenye karatasi za manila na kuzibandika ukutani kwenye ofisi ya mtaa. Kijani ni geti linalobaki, nyekundu linafungwa, njano linaunganishwa na la jirani. Rangi nyekundu haikuwa chaguo zuri. Watu hapa wanaijua alama ya X nyekundu inayochorwa kwenye nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara, na mzee mmoja alikuja mbio na hati ya kiwanja mkononi. "Mwanangu, nyumba hii kajenga baba yangu, mnaibomoa kwa ruhusa ya nani?" Ikatuchukua kikao kizima kumtuliza. Nyekundu tumeibadilisha kuwa bluu. Mkichora ramani yenu, anzeni na bluu.

28 Julai 2024: Barabara ni ya nani

Kabla ya kuandika barua yoyote, jueni mwenye barabara. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa taifa wa barabara, kama ile inayoingia mjini kutoka Segera. Za mitaani na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza kazi 2017. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati, na chochote ukijengacho humo ni bahati nasibu. Ndani ya mji vipimo vinafuata mchoro wa mipango miji. Yetu ni ya mjini, na barua ilipitia kwa mtendaji wa mtaa, ikiwa na mchoro na saini za wenye mageti.

Mhandisi alikuja kukagua na akatubadilishia mambo mawili, yote mawili kwa faida yetu. Tulitaka kuziba midomo inayofungwa kwa nguzo fupi za zege. Akakataa: dereva wa bodaboda akiteleza, kichwa kinakwenda moja kwa moja kwenye nguzo. Akataka ukingo mfupi wa zege wa sentimita 15, na vizuizi vingine vyote vikae kwenye mstari wa ukuta, nyuma ya njia ya miguu. La pili, mifuniko ya mtaro iwe ya kuinuliwa, isiwe zege moja la kudumu. Nimeongeza baadaye: wakati ule tuliona anatuongezea gharama. Vuli ilipofika tulimshukuru.

18 Agosti 2024: Majaribio ya viroba na matairi

Kabla ya kumwaga zege tuliziba midomo saba kwa muda, tuone watu watafanyaje. Viroba vya mchanga vilivyopakwa chokaa, na matairi mabovu yaliyopigwa rangi nyeupe. Jumla shilingi 135,000: mchanga wa kenta moja, viroba, chokaa, rangi na kibarua.

Matairi yalianza kupungua usiku. Tuliyapata kijiwe cha bodaboda, yamegeuzwa viti. Mwenyekiti wa kijiwe hakuona haya hata kidogo. "Katibu, sisi tunakaa hapa kutwa, nyinyi mnapita tu. Hata viti hamtaki tupate?" Tukamwachia manne, na yeye akakubali vijana wake walinde yaliyobaki. Kuanzia siku hiyo hakuna lililopotea. Viroba vyenyewe havikuibwa na mtu. Jua ndilo lililovimaliza. Vile vya nailoni vyeupe vinachanika ndani ya wiki chache. Ukiweza, tumia vile vya unga vilivyofumwa, na uviweke viwili viwili, kimoja ndani ya kingine.

Majaribio yalitufunza zaidi ya michoro. Geti moja tulilodhani halina kazi kumbe ndilo lori la gesi linapogeukia. Tukalirudisha kwenye kijani. Na mdomo mmoja tuliouacha wazi hakuna aliyeutumia hata mara moja. Watu walikuwa wameuzoea kama sehemu ya kuegesha mkokoteni wa madafu.

8 Septemba 2024: Kizuizi cha katikati, hakikufaa

Hili lilikuwa wazo la wengi kwenye kikao: tukizuia watu kukata kulia kwa mapipa katikati ya barabara, kila geti litakuwa la kushoto tu, na sehemu 9 zitabaki 2. Kwenye karatasi ni sahihi. Kibali cha muda tulipata, na trafiki alisimama nasi asubuhi ya kwanza.

Dereva aliyezuiwa kukata kulia hakurudi nyumbani. Alikwenda mbele hadi upenyo wa kwanza akageuza pale. Upenyo wa kwanza kwetu ni mbele ya msikiti. Ijumaa, muda wa swala, magari yalikuwa yanageuza katikati ya watu wanaovuka na miswala begani. Wengine, bodaboda hasa, waliona rahisi zaidi kupanda bega la upande usio wao na kurudi kinyume hadi getini. Baiskeli zikakutana na pikipiki ana kwa ana. Tumehamisha shida kutoka kwenye mageti 23 yanayosambaza magari kidogo kidogo, tukaikusanya sehemu moja mbaya kuliko zote.

Mapipa yameondolewa kabla ya Maulidi. Gharama iliyopotea: 90,000, rangi na vibarua. Kizuizi cha katikati kinafaa pale tu mbele kuna mahali salama pa kugeuzia, kipilefti kwa mfano, na pasiwe mbali. Upande wetu mmoja kipilefti kipo, upande wa pili hakuna. Kwa hiyo tumeamua: kukata kulia kunaruhusiwa, lakini kwenye maingilio ya pamoja peke yake, ambako dereva anaonekana vizuri na ana nafasi ya kusubiri.

29 Septemba 2024: Lango la pamoja

Kazi ngumu kuliko zote, na haina hata tofali moja. Jozi sita za majirani zilikubali kutumia lango moja kila jozi. Kukubali mdomoni ni rahisi. Nani atalipa taa? Lori la mzigo la huyu likiziba lango asubuhi, mteja wa yule afanye nini? Mlinzi ni wa nani?

Mzee wa duka la vifaa na jirani yake, bibi mwenye nyumba ya wageni, walikwama kwenye suala la mlinzi hadi bibi aliposema: "Ami, mlinzi wako analala kuanzia saa nne. Wangu halali. Tumuweke wangu, mshahara tugawane." Wakagawana.

Karatasi ya makubaliano iliyosainiwa kwa mtendaji inawafunga waliosaini. Atakayenunua kiwanja kesho anaweza kusema haijui, akajenga ukuta katikati ya lango. Kwa hiyo tulishauriwa, na jozi mbili zimeanza, kusajili haki ya njia kama Sheria ya Ardhi ya 1999 inavyoruhusu, ili ifuate kiwanja na si mtu. Jozi nne zimeona ni usumbufu. Tumeandika majina yao kwenye daftari, yasije yakatushangaza mbele ya safari.

Mambo mawili ya vipimo yanayofaa kuandikwa kwenye makubaliano mapema. Lango lirudi ndani mita 6 kutoka ukingo wa njia ya miguu. Dereva anayempigia honi mlinzi awe amesimama ndani, mkia wa gari usibaki barabarani. Na geti lifungukie ndani au liteleze pembeni. Geti linalofungukia nje linamlazimisha dereva kurudi nyuma barabarani ili lifunguke. Mwenye nafasi finyu alikataa kurudisha geti ndani, na ana haki, uwanja wake ungeisha. Tulikubaliana geti lake libaki wazi kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi, saa za shule na kazi. Haijamgharimu kitu.

20 Oktoba 2024: Mifuniko ya mtaro

Midomo mingi ya zamani ilikuwa imejengwa juu ya bomba la zege la sentimita 30 au juu ya zege moja zito lisiloinuka. Tulipofungua la kwanza tulikuta makumbi ya madafu, chupa za plastiki, kandambili moja na mchanga uliojaa hadi juu. Mvua kubwa za mwanzoni mwa mwaka maji yalikuwa yanatoka mtaroni, yanapita juu ya lami hadi upande wa pili. Sasa sababu imejulikana.

Mifuniko tuliyotengeneza: urefu sentimita 90, upana 40, unene 15. Mtaro wetu una upana wa 60, kwa hiyo kila upande mfuniko unakaa juu ya ukuta wa mtaro kwa sentimita 15. Kila mmoja una uzito wa kilo 130 hivi. Toleo la kwanza tulilofyatua lilikuwa upana mara mbili, na likafika karibu kilo 260. Watu wanne walilisogeza, hawakuweza kuliinua, na fundi aliposema lazima tukodi winchi kila mtaro unaposafishwa, tukarudi kwenye wembamba. Watu wanne na vyuma viwili vya kupitisha kwenye mikono ya nondo wanainua mfuniko wa kilo 130 bila matusi mengi.

Lango la mita 6 linachukua mifuniko 15. Mchanganyo ni wa kawaida, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kokoto za robo tatu ya inchi. Nondo za milimita 12, tano kwa urefu na nne kwa upana kila mfuniko. Gharama ya lango moja:

saruji mifuko 6 kwa 16,000: 96,000
nondo 7 kwa 24,000: 168,000
mchanga na kokoto: 85,000
mbao za boksi: 25,000
fundi na vibarua: 120,000

Jumla 494,000. Kila jozi ililipa lango lake.

Angalieni mchanga. Lori la pili lilileta mchanga wa bei poa kuliko la kwanza. Fundi aliuonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akasema urudishwe: ni wa baharini. Chumvi inakula nondo kutoka ndani. Zege linaonekana zima mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu linapasuka kwa mistari na kutu inachungulia. Mjini kwetu, ambako hata bati linaliwa na upepo wa bahari, usikubali mchanga usiojua umetoka mto gani. Pia nondo zikae angalau sentimita 4 ndani ya zege. Tuliweka vipande vidogo vya zege chini yake kabla ya kumwaga.

Njia ya miguu tuliiacha iendelee juu ya lango kwa kimo chake, isishuke. Gari ndilo linalopanda, mtu na baiskeli wanakwenda sawasawa. Dereva akipanda tuta dogo anapunguza mwendo apende asipende. Mteremko wa kwanza tuliupa mita 1 kwa kimo cha sentimita 12, na gari ndogo za chini zikawa zinakwaruza tumbo. Teksi moja iliacha pale kipande cha plastiki cha chini ya bampa. Tumeurefusha hadi mita 1.8. Hakuna malalamiko tena, ila teksi ile inadai bampa yake hadi leo.

Midomo iliyofungwa: kwanza tulipanda maua kwenye matairi. Mbuzi walikula. Mtu mmoja akapendekeza mkonge, si uko kila mahali Tanga, nao hauliwi na mbuzi. Ukafaa kwa siku chache hadi mama mmoja alipoonyesha kwa kidole jinsi ncha yake inavyolingana na jicho la mtoto wa darasa la kwanza. Ukang'olewa jioni hiyo hiyo. Suluhisho limetoka kwa wazee: baraza. Benchi la zege kwenye mstari wa ukuta, mahali geti lilipokuwa. Hakuna atakayevunja baraza ili apate geti, maana wazee wamekaa juu yake wanacheza bao. Lilifika shilingi 180,000, na wenye maduka walijenga mawili kwa pesa zao.

17 Novemba 2024: Kona ya ukuta

Mvua za vuli zimeanza. Mtaro unapitisha. Tuliinua mifuniko mitatu kuangalia, tukatoa makumbi, tukarudisha. Basi.

Shida iliyobaki ni kuona. Kipimo chetu: kaa kwenye kiti cha dereva, pua ya gari ikiwa kwenye mstari wa njia ya miguu, mtu asimame na baiskeli mita 30 kila upande. Ukimwona, sawa. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo mita 30 si nyingi hata kidogo. Ni kiwango cha chini tulichoweza kupata kwenye viwanja hivi.

Ukuta mmoja wa kona ulishindwa. Mwenyewe hakutaka uvunjwe, na tukakubaliana kubadilisha sehemu ya juu ya sentimita 90 kwa matofali ya matundu, yale mazuri ya maua. Ukiwa umesimama mbele yake unaona hadi upande wa pili. Tukalipa 215,000, tukafurahi, tukakaa kwenye gari kupima. Hatukuona kitu. Dereva hatazami ukuta kwa mbele, anautazama kwa mshazari, na kwa mshazari matundu ya tofali lenye unene yanajifunga yote, ukuta unakuwa mzima tena. Nondo za kusimama nazo zina tabia hiyo hiyo. Ilibidi kukata kona yenyewe, mita 2 kwa mita 2, ukuta ukapita kwa mshazari. 140,000 nyingine. Matofali ya matundu mwenyewe kayahamishia choo cha nje, na kwa kweli yamependeza.

Jaribuni kwa boksi la karatasi kwanza. Toboeni matundu, shikeni pembeni, tazameni kwa mshazari. Haigharimu shilingi.

8 Desemba 2024

Uchaguzi wa serikali za mitaa umefanyika tarehe 27 Novemba. Tumemkabidhi mwenyekiti ramani, daftari na nakala za kibali. Kazi ya zege imesimama mwezi mzima kwa sababu kila mtu alikuwa kwenye kampeni. Msije mkaulizwa kwa nini mradi wenu umechelewa: angalieni kalenda ya uchaguzi kabla ya kupanga.

12 Januari 2025: Kituo cha daladala kinafuata kivuli

Kituo cha daladala kilikuwa mdomoni mwa lango la pamoja la tatu. Daladala ikisimama, anayetoka getini haoni kitu. Tukakihamisha mita 40 mbele, baada ya makutano, ili gari linalosimama lisiwazibie wanaosubiri kuingia barabarani. Alama ikawekwa, rangi ikachorwa. Konda hawakuisoma. Waliendelea kusimama pale pale, na tuliwalaumu sana hadi mama mmoja wa maandazi alipotuambia ukweli: "Abiria wanakaa chini ya mti wa mkungu. Konda atasimama wapi, kwenye jua?"

Alikuwa sahihi. Kituo hakifuati alama, kinafuata kivuli. Mkungu ule una kivuli kipana kuliko bati lolote, na hatukuwa na nia ya kuukata. Tukajenga kibanda cha makuti kwenye kituo kipya, nguzo za mkaratusi, benchi mbili, shilingi 310,000. Mama wa maandazi tukamwomba ahamie kibandani naye, bila kodi. Alihama Jumatatu, abiria wakamfuata, konda wakafuata abiria. Kijiwe cha bajaji kimebaki chini ya mkungu, wao hawazibi lango, wanaegesha kwa ndani.

16 Machi 2025: Ramadhani

Kila alasiri pembeni ya barabara kunajaa meza za futari: tambi, kaimati, viazi vya urojo, tende. Kwa muda huu hakuna mpango wa maingilio unaoshikilia, na hatukujaribu kupigana nao. Tulichofanya ni kuwagawia wauzaji sehemu ya midomo iliyofungwa, mbele ya mabaraza, kwa sababu pale hakuna gari linaloingia. Kumbe ni mahali pazuri kuliko walipokuwa. Malango ya pamoja yako wazi hata dakika za mwisho kabla ya adhana, wakati kila mtu anakimbilia nyumbani na hakuna anayetaka kumpisha mwenzake.

Kati ya midomo 23, imebaki 14. Kamati imetumia 955,000: majaribio 135,000, kizuizi cha katikati 90,000, ukuta wa kona 355,000 kwa awamu mbili, kibanda 310,000, na 65,000 za karatasi, picha na nauli. Malango sita na mabaraza mawili ni ya wenyewe, hayamo humo. Mwenye kutaka kurudia asiweke kizuizi cha katikati wala matofali ya matundu, ataokoa 305,000 papo hapo.

Kituo cha mafuta bado kina midomo miwili. Msimamizi anasema mwenye mali yuko mbali, tumsubiri, na tumesubiri. Kikao kimepangwa baada ya Idi. Akikubali kufunga mdomo wa karibu na makutano, tunamaliza. Akikataa, tutaomba angalau mmoja uwe wa kuingia tu na mwingine wa kutoka tu, kwa mishale ya rangi chini. Rangi ya mishale tunayo tayari, nusu debe, ilibaki tulipochora upya zebra ya shule.